Mbwa wa aina kubwa anayekua: afanye mazoezi gani, na kwa kiasi gani?

MleziWaSimba ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, natumaini hamjambo. Ninamlea Rottweiler dume wa miezi mitano anayeitwa Simba, ambaye mizani inaonyesha kilo 24 na ambaye miguu yake imeutangulia mwili kiasi cha kuonekana ameiazima kwa mbwa mwingine. Nimepewa ushauri wa pande mbili ambazo haziwezi kupatana. Rafiki yangu aliyefuga mbwa wa ulinzi kwa muda mrefu anasisitiza kwamba huyu aanze sasa hivi kukimbizwa kando ya baiskeli, kuvuta tairi na kurukishwa vizuizi, ili kifua kipanuke na mapaja yajae kabla hajatimiza mwaka, kwa hoja kwamba mwili usiozoeshwa mapema hauzoei tena. Upande wa pili nimesoma mara nyingi ile kanuni ya dakika tano za kutembea kwa kila mwezi wa umri, ambayo kwa Simba ni dakika 25 tu, na wapo wanaokwenda mbali zaidi wakisema mbwa mkubwa asifanye lolote la maana hadi afikishe mwaka na nusu.

Nimejaribu kumbana kwa dakika hizo 25, na matokeo yake ni kwamba anatafuna kila kilicho mbele yake na kuzunguka uani akijigonga kwenye kuta. Naomba kufahamishwa ni kitu gani hasa kinachomdhuru mbwa anayekua, je, kuna njia ya kumjengea misuli bila kuharibu viungo, na ni lini anaweza kuanza mazoezi mazito.

Dkt_Mifugo amejibu:

Ndugu MleziWaSimba, nitaanza na mfupa, kwa kuwa ugomvi wote kati ya rafiki yako na hao wengine umelala hapo.

Mifupa mirefu ya miguu hurefuka kutokea karibu na ncha zake, penye tabaka jembamba la gegedu linaloitwa bamba la ukuaji. Seli za gegedu hiyo hugawanyika, hujipanga safu kwa safu, kisha hugeuka mfupa, na mbwa anapokomaa tabaka lote hugeuka mfupa na bamba likawa limefungika. Kabla ya kufungika, bamba hilo ni dhaifu kuliko mfupa uliopakana nalo, na mara nyingi ni dhaifu hata kuliko kano zinazoshikilia kiungo. Ndiyo maana kishindo ambacho kwa mbwa mzima kingeishia kwenye kuteguka, kwa mtoto wa mbwa kinaweza kulipasua au kulikandamiza bamba. Kwa mbwa wadogo mabamba mengi hufungika kabla ya miezi 10 hivi. Kwa mbwa wa ukubwa wa Rottweiler hesabu mwaka mmoja na miezi kadhaa juu yake, na kwa majitu kama Great Dane na Irish Wolfhound ukuaji unaweza kufika miezi 18 au kupita.

Lipo bamba moja linalotutia wasiwasi kuliko mengine, nalo ni la mfupa wa ulna, chini kabisa, karibu na kifundo cha mguu wa mbele. Lina umbo la koni, na kwa sababu ya umbo hilo mguu unapotua vibaya kutoka juu, nguvu hulibana badala ya kupita pembeni. Likifa, ulna huacha kurefuka ilhali mfupa wa pili wa sehemu hiyo ya mguu, radius, ulio sambamba nao unaendelea, hivyo mguu hupinda kama upinde wiki kadhaa baadaye. Ubaya ni kwamba picha ya eksirei ya siku ya ajali huweza kuonekana safi kabisa. Hilo ndilo ninalolifikiria ninaposikia mtoto wa mbwa wa kilo 24 anarukishwa vizuizi.

Hata hivyo, wanaosema asifanye lolote nao wanakosea, tena kwa sababu hiyo hiyo ya gegedu. Gegedu inayofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo haina mishipa ya damu. Hupata lishe kutoka kwenye ute wa kiungo, ambao huingia na kutoka mguu unapokanyaga na kuachia. Mbwa asiyetembea hukua akiwa na gegedu iliyolishwa vibaya na misuli isiyoweza kuishika nyonga mahali pake. Uchunguzi uliofanywa Norwe kwa mbwa wa aina nne, yaani Newfoundland, Labrador, Leonberger na Irish Wolfhound, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba watoto waliopanda na kushuka ngazi kila siku kabla ya umri wa miezi mitatu walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata ulegevu wa nyonga, lakini waliopata kucheza nje bila kamba katika umri huo huo, kwenye ardhi laini yenye miinuko ya wastani, hatari yao ilipungua. Wote walikuwa wakijishughulisha. Kilichotofautiana ni aina ya shughuli.

Kanuni ya dakika tano kwa mwezi haikutoka kwenye utafiti wowote. Ni kipimo cha tahadhari, na kina manufaa kikieleweka kuwa kikomo cha matembezi ya kamba, yale ambayo mwenye mbwa ndiye anayeamua mwendo, njia na mahali pa kusimama. Haikukusudiwa kuhesabu kila hatua anayopiga mbwa uani. Mimi huwaambia wateja wangu waache kutazama saa na wajiulize ni nani anayeamua kupumzika. Mtoto wa mbwa aliyeachiwa kwenye nyasi hukimbia kidogo, hunusa, hulala chini, huinuka, hubadilisha mwendo kila baada ya muda mfupi, na akichoka hukaa. Aliyefungwa kando ya baiskeli hana hiari hiyo. Atakimbia mwendo ule ule, juu ya ardhi ngumu ile ile, akikanyaga kwa namna ile ile mara maelfu, na kwa kuwa anampenda mwenye baiskeli hatasimama hata akiumia.

Jambo la mwisho, ambalo wengi hulipita ingawa kwa maoni yangu lina uzito kuliko mazoezi yenyewe: mbwa huyu asinenepe. Nchini Marekani, Labrador 48 waliopangwa wawili wawili kutoka uzao mmoja walifuatiliwa maisha yao yote, mmoja katika kila jozi akipewa robo pungufu ya chakula alichokula mwenzake. Waliopunguziwa chakula walipata matatizo machache ya nyonga, baridi yabisi iliwachelewa, na waliishi karibu miaka miwili zaidi ya wenzao. Kwa hiyo pitisha viganja vyako ubavuni mwa Simba bila kukandamiza. Unapaswa kuhisi kila ubavu, na ukimtazama kutoka juu uone kiuno kimeingia nyuma ya mbavu. Wageni wakikuambia amekonda, washukuru na usibadilishe kitu. Wala usimwongezee kalsiamu eti mifupa ikaze, kwani mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi sita hivi hana uwezo mzuri wa kukataa kalsiamu iliyozidi tumboni. Huifyonza, na majaribio yaliyofanywa kwa watoto wa Great Dane yalionyesha kwamba ziada hiyo huvuruga kugeuka kwa gegedu kuwa mfupa. Chakula kamili kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto wa mbwa wakubwa kinatosha.

Mkufunzi_Mstaafu amejibu:

Nakubaliana na Daktari kwa sehemu kubwa, ila naomba kuweka mpaka kwenye suala la kucheza kwa hiari. Mtoto wa mbwa akicheza peke yake au na mwenzake wa umri na uzito unaolingana, kweli hujipimia. Akichanganywa na mbwa mzima mwenye nguvu, hiari hiyo inapotea: anafukuzwa, anaangushwa kwa bega, anajipinda ghafla ili kukwepa, na msisimko unamzuia kuhisi uchovu. Mchezo wa namna hiyo mimi huuvunja mara kwa mara, namwita mdogo, namkalisha hadi pumzi itulie, kisha namwachia tena au namfungia apumzike. Asisahau mtu kwamba watoto wa mbwa hulala sehemu kubwa ya siku, na kujigonga ukutani jioni mara nyingi ni dalili ya mtoto aliyekosa usingizi wala si ya aliyekosa mazoezi.

Sasa nirudi kwenye swali la kujenga misuli. Kwa umri huu sijali ukubwa wa misuli, najali kama mbwa anajua miguu yake ya nyuma iko wapi, jambo ambalo wengi wa mbwa wakubwa hawalijui hadi wafundishwe. Chukua fito nne au tano, zilaze chini kabisa zikiwa zimeachana kwa nafasi ya hatua yake moja ya kutembea, kisha umpitishe juu yake polepole, ukiwa umeshika kipande kidogo cha chakula usawa wa pua yake ili kichwa kisiinuke. Mwanzoni utasikia kucha za nyuma zikigonga fito, kwa sababu anazijua za mbele tu. Baada ya siku chache mlio huo hupungua, kila mguu unainuliwa peke yake, na mgongo unatulia bila kuyumba. Hapo unaweza kuziinua fito kidogo, lakini zisipite kimo cha kifundo chake cha mbele, na kamwe asizipite kwa kukimbia, kwani akikimbia ataruka na faida yote imekwisha.

Zoezi jingine ni kumfundisha kupanda miguu ya mbele juu ya jukwaa imara lenye kimo cha kifundo, asimame hapo akitulia, kisha ateremke kinyumenyume. Kukaa na kusimama nalo ni zoezi likifanywa sawasawa: magoti yote mawili yakunjwe chini ya mwili, mbwa asikae upande mmoja akiwa ametupa paja nje, na anaposimama asukume kwa miguu ya nyuma badala ya kujivuta kwa ya mbele. Mara chache zinatosha, ukiacha yeye bado anataka. Kurudi nyuma hatua kadhaa kwenye mstari ulionyooka, kutembea mteremko mdogo, kupita juu ya nyasi, mchanga, changarawe na udongo, yote hayo hukaza mwili bila kishindo. Kuogelea ni kuzuri sana, mradi aingie na kutoka majini kwa mteremko, asirukie kutoka ukingoni, na umwangalie anapochoka.

Mchezo wa kurusha mpira ndio ninaoukataa kuliko yote kwa umri huu, na najua ndio unaopendwa kuliko yote. Msitazame anavyokimbia, tazameni anavyosimama. Mpira unapodunda anafunga breki kwa miguu ya mbele, mwili wote wa nyuma unazunguka juu ya bega na kiwiko, kisha anageuka na kuondoka kwa kasi, na watu hurudia hivyo mpaka ulimi uguse chini. Mpira huo huo uufiche kwenye majani marefu umwambie autafute kwa pua. Atachoka vizuri zaidi, maana kunusa kunatumia akili na mbwa mwenye akili iliyochoka hatafuni milango. Kuvutana kamba ruhusu, kamba ikiwa chini usawa wa kifua chake, yeye ndiye avute na wewe ushike tu, bila kumtikisa shingo wala kumnyanyua.

Tairi na baiskeli mwambie rafiki yako ayaweke kando kwanza. Hoja yake kwamba mwili usiozoeshwa mapema hauzoei tena haina ukweli, kwani mbwa aliyeanza kuvuta uzito baada ya kukomaa hufika pale pale, na hufika akiwa na viwiko vizima.

Nyumbani tandika kitu kisichoteleza kwenye sakafu ya vigae, hasa pale anapogeuka kukimbilia mlango, na kata kucha kabla hazijaanza kugonga sakafu. Kwenye gari tumia ubao wa kuteremkia maadamu hawezi tena kubebwa.

Mkimbiaji_Asubuhi amejibu:

Naomba kujiunga na swali. Nina German Shepherd jike wa miezi 10, amehasiwa akiwa na miezi sita, na kwa macho yangu amekwisha kuwa mbwa mzima kwa sababu kimo hakijaongezeka kwa muda. Mimi hukimbia kilomita 5 asubuhi na ningependa awe mwenzangu. Je, kusimama kwa kimo si ushahidi kwamba mabamba yamefungika?

Dkt_Mifugo amejibu:

Ndugu Mkimbiaji, kimo hakitoshi kuwa ushahidi. Ukuaji hupungua sana kabla ya mabamba kufungika kabisa, na hayafungiki yote kwa pamoja. Kwa mbwa wako kuna jambo la ziada: homoni za uzazi ndizo zinazosaidia kuyafunga mabamba, kwa hiyo mbwa aliyehasiwa kabla ya kukomaa huyachelewesha, na mara nyingi hurefuka kidogo kuliko ambavyo angekuwa. Miezi 10 kwake ni mapema. Njia ya uhakika ni picha ya eksirei, ambayo daktari anaweza kuipiga sambamba na ya nyonga na viwiko. Kwa German Shepherd ningeipiga hata kama hukimbii, kwa kuwa aina hiyo inajulikana kwa matatizo ya sehemu hizo mbili.

Kama kipimo cha nje, fahamu kwamba Shirikisho la Kimataifa la Mbwa, FCI, haliruhusu mbwa kushindana katika mbio za vizuizi kabla ya kutimiza miezi 18. Mabamba yakishafungika usianze na kilomita 5. Anza na matembezi ya haraka kwa wiki kadhaa, kisha uchanganye mbio fupi ndani ya matembezi, ukiongeza muda kidogo kidogo na kumwachia siku za mapumziko, kwa sababu mapafu huzoea upesi ilhali kano na gegedu huchelewa, na mbwa anaweza kuonekana ana nguvu tele huku viungo vikiwa bado nyuma. Chagua udongo badala ya lami, na saa za baridi, kwani mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, na mbwa mkubwa hupata joto la hatari mapema kuliko wewe. Usimkimbize akiwa ametoka kula. Mbwa wenye kifua kirefu wamo katika hatari ya tumbo kujaa hewa na kujisokota, na huo ni ugonjwa unaoua ndani ya saa chache.

MleziWaSimba amejibu:

Nawashukuru sana. Fito nimekwisha kuzilaza, na kweli kucha za nyuma zinagonga kama Mkufunzi alivyoeleza. Lakini kumtazama kwa makini anapotembea polepole kumenionyesha jambo ambalo mwendo wa haraka ulikuwa unalificha: asubuhi akiinuka anachechemea kidogo mguu wa mbele wa kushoto, kisha baada ya kutembea hali hiyo inatoweka. Je, ni maumivu ya kukua tu, na ninaweza kumpa dawa ya maumivu tuliyonayo nyumbani?

Dkt_Mifugo amejibu:

Dawa ya maumivu ya binadamu usimpe kabisa. Ibuprofeni na parasetamoli zimewadhuru mbwa wengi, moja kwa tumbo na figo, nyingine kwa ini na damu.

Yapo kweli maumivu ya kukua. Kuna uvimbe wa ndani ya mifupa mirefu unaowapata mbwa wakubwa kati ya miezi 5 na 18 hivi, wenye tabia ya kuhama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, na ambao hupona wenyewe mbwa akishakomaa. Ila kuchechemea kwa mguu ule ule kila asubuhi, kunakopungua mwili ukipata joto, kunanifanya nifikirie kiwiko au bega kwanza. Katika umri wa Simba ndipo kasoro za kiwiko na vipande vya gegedu vinavyobanduka begani huanza kujitokeza, na baadhi yake matokeo ya matibabu hutegemea kuwahi. Kwa hiyo usisubiri akue. Mpeleke ndani ya wiki hii. Na kama ataacha kukanyaga kabisa, akivimba kiungo, akipata homa au akikataa chakula, mpeleke siku hiyo hiyo. Hadi achunguzwe, fito na michezo visimame, atembee kwa kamba muda mfupi tu kwa ajili ya haja zake, na umpe kazi za pua akiwa amelala au amesimama mahali pamoja.

Kuna kitu kimoja ukifanye kabla ya kwenda. Mbwa wengi wakifika kliniki husisimka na kutembea vizuri kabisa mbele ya daktari. Mrekodi video kwa simu asubuhi, mara tu anapoinuka, kwenye sakafu ngumu iliyo sawa: akija kuelekea kwako, akiondoka, na akipita ubavuni, kwa mwendo wa kutembea na si kukimbia, kamba ikiwa imelegea ili isikivute kichwa. Daktari ataangalia kichwa. Mbwa anayeumia mguu wa mbele hukiinua mguu mbaya unapokanyaga, na kukiinamisha ule mzima unapopokea uzito.